Mstari wa Mama wa Maabara

Nikimkumbuka Mama wa Maabara huwa ni saa nane mchana, hata kama yenyewe ilikuwa saa tatu asubuhi. Kumbukumbu imeamua hivyo, na mimi ninayepatana bei na kila mtu nimeshindwa kupatana nayo. Jua la Tegeta limelala juu ya mabati, feni ya chumbani kwake inazunguka kivivu, na yeye ameinamia hadubini huku kidole gumba kikibonyeza kidude chake cha kuhesabia, tik, tik, tik, kama mtu anayetafuna karanga akiwa usingizini. Ukuta wa maabara yake ndio ulikuwa ukuta wa duka langu la marumaru. Upande huu mie nahesabu maboksi. Upande ule yeye anahesabu watoto ambao bado hawajaamua kama watakuja.

Mtaa mzima ulimwita hivyo tu, Mama wa Maabara. Walipima malaria pale, mkojo, sukari, wingi wa damu, mambo ambayo mtu anaweza kuyataja mbele za watu. Lakini yeye alijulikana kwa kipimo kimoja, kile ambacho wanaume walikuja kukiulizia wakiwa wamegeukia barabarani, kama wanaosubiri gari.

"Shikamoo mama. Eti nyie hapa mnapimaga... ile ishu?"

"Marahaba. Ishu gani?"

"Ile. Ya kiume."

"Mbegu?"

"Polepole basi mama!"

"Neno la kilimo hilo, baba. Hata mahindi yana mbegu."

Alikuwa na lafudhi nzito ya bara, na sauti ambayo haikujua kunong'ona. Ukuta wetu ulikuwa wa tofali moja. Nilijua siri nyingi za Tegeta kuliko nilizozihitaji, ingawa majina sikuyajua, maana majina hakuyataja hata kwa bahati mbaya. Wote aliwaita "baba". Mwanaume ameingia pale kwa sababu hajawa baba, naye anamwita baba kuanzia mlangoni. Nilidhani ni kejeli. Baadaye nikaona ni adabu za kwao tu, na baadaye tena nikaona huenda ni vyote viwili.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi kabla sijageuka mteja wake. Mke wangu Somoe na mimi tulikuwa tumeoana muda mrefu bila mtoto, na shangazi yangu wa Masasi, ndiye aliyenilea, alikuwa ametoa kauli: mwaka huo ukiisha bila habari njema, atamleta binti mwingine, na amekwishamwona. Kwa shangazi yangu jambo likishaonwa limeshafanyika nusu. Somoe aliijua kauli hiyo. Hakulalamika. Ila alianza kukunja nguo zake vizuri mno, pembe kwa pembe, kama mtu anayepanga sanduku bila kutaka kukiri kwamba ana sanduku.

*

Watu walisema Mama wa Maabara ana maringo. Ukikutana naye sokoni au kwenye daladala, anakupita kama nguzo ya umeme. Mama mtu mzima, tena jirani, hakusalimii mpaka umsalimie, na ukimsalimia anaitikia haraka kama aliyeazimwa salamu. Wanawake wa mtaani walimsema sana kwa hilo. Hata mimi nilimsema. Siku moja nikamuuliza, maana jirani ana haki ya kuuliza vitu ambavyo ndugu hawezi.

"Mama, mbona barabarani huwa unanikaushia?"

"Nikianza kusalimia wanaume wa Tegeta," akasema, "kila mke atauliza, yule mama unamfahamia wapi? Na mume hana jibu. Kwa hiyo nawanyima salamu wote, wale niliowapima na wale ambao sijawapima, ili wasijulikane."

Basi nikajua kwamba yale maringo yalikuwa pazia. Alikuwa amekubali kuchukiwa na mtaa mzima ili mtaa huo huo usiumbuke. Nikajaribu kumwambia Somoe jambo hilo kwa lugha ya kuzunguka. Somoe akasema, "Kumbe. Na wewe anakunyima kwa sababu gani?" Wakati huo bado sikuwa nimepimwa.

Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kwaya, sauti ya pili, lakini kila Jumapili alichelewa. Huyu huyu ambaye mwanaume akichelewesha kopo lake la kipimo kidogo tu kupita muda, analirudisha bila huruma. Alikuwa hapendi mtu aombe punguzo maabara, "hapa si Kariakoo", lakini jioni akishuka kununua nyanya ungemhurumia muuza nyanya. Alishika kila nyanya, akaibonyeza kwa kidole kile kile cha kazini, akaitazama kwenye mwanga. Mie ni mtu wa biashara, nimewaona wapatanaji wa kila aina, wa kulia, wa kucheka, wa kujifanya wanaondoka. Yeye alikuwa wa kukaa kimya. Alikuwa anaweza kukaa kimya mpaka bei ijione ina makosa.

*

Jambo lililomchosha kuliko yote ni makopo. Wanaume walileta katika chupa za maji, chupa za asali, makopo ya mafuta ya nywele yaliyosuuzwa harakaharaka. Mmoja alileta ndani ya kifuko cha ubuyu. Yeye alitaka kopo lake mwenyewe, safi na lenye mdomo mpana, na alitaka mtu atumie chumba cha nyuma, chenye kiti kimoja, feni, na kalenda ya mwaka uliopita. Asiyeweza kile chumba, na wengi hawakukiweza maana ukiwa mle unamsikia mwenye duka la marumaru akigombana na fundi, aliruhusiwa kuleta kutoka nyumbani. Lakini lifike ndani ya saa moja, tena likiwa na joto la mwili. "Likae kwapani," aliwaambia. "Ulibebe kama kuku anavyobeba yai."

Kuna mchuuzi mmoja wa samaki alitoka nalo Kimbiji. Mtu wa heshima, shati limepigwa pasi, akashuka kwenye bodaboda akiwa amepakata deli lake la buluu, sanduku la kubebea samaki, lililofungwa kwa mpira. Nilikuwa mlangoni kwangu. Akaingia, nami nikasogea ukutani, sina haja ya kujificha.

"Nini hiki, baba?"

"Mzigo, mama. Nimeutunza. Tangu Kimbiji mpaka hapa haujaguswa na jua."

Nikasikia deli linafunguliwa. Halafu sauti ya barafu ikigongana na kopo.

"Umeuweka kwenye barafu."

"Barafu mpya kabisa, mama. Asubuhi hii hii. Ingekuwa nguru ungekuta macho yanang'aa."

Alikaa kimya kwa muda, kama anavyokaa kwa nyanya. Kisha akamwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake kabla ya hapo, "Baba, hawa si wa kufa vizuri. Hawa natakiwa niwakute hai. Ukiwaletea barafu wanazimia, mimi nasoma wote hawatembei, wewe unarudi Kimbiji ukidhani umekwisha, na mkeo anafuata kukwisha. Kumbe ni barafu tu, na umbali."

"Kwa hiyo mie nimewaua mwenyewe?"

"Hawa ndio. Wengine unao."

Yule mtu akacheka, na Mama wa Maabara akacheka, na mie upande wa pili nikacheka peke yangu mpaka mteja wangu akadhani namcheka kwa rangi aliyochagua. Lakini baada ya hapo nilikaa nikiwaza ni wanaume wangapi wamesomwa hivyo sehemu nyingine, na barafu yao, na kuchelewa kwao, na kopo lenye mabaki ya mafuta ya nywele, wakapewa karatasi, wakaiamini.

*

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nilianzia mjini, kwenye maabara ya vioo, maana ni vigumu kumkabidhi kopo jirani ambaye jana mlibishana kuhusu maji machafu. Mjini hawakuniuliza kitu. Walinipa karatasi ya majibu yenye neno moja kubwa chini: HAFIFU. Nililikunja likaingia mfuko wa shati, likakaa pale kama kipande cha marumaru kilichovunjika, kila nikiinama linanichoma. Shangazi alikuwa amekwishapiga simu kusema tarehe ya kuja. Kama neno lile ni kweli, basi Somoe alikuwa anaandaliwa kuondoka kwa kosa ambalo hakulifanya. Na kama si kweli, sikujua.

Nikaivuka ile hatua moja kati ya duka na maabara. Ilikuwa ndefu kuliko safari ya Masasi.

Akaisoma karatasi. Hakushtuka, wala hakunipa pole.

"Ulijizuia siku ngapi?"

"Kujizuia na nini?"

"Haya. Zao lote liliingia kwenye kopo?"

"Lilimwagika kidogo. Lile la kwanza tu."

"La kwanza ndilo lenye watu, baba." Akaigeuza karatasi. "Lilisomwa baada ya muda gani?"

"Walikwenda kula kwanza."

"Basi hii imepima chakula cha mchana." Akanirudishia. "Ujizuie kati ya siku mbili na saba. Mimi napenda tatu. Zikipungua sana mtungi haujajaa, zikizidi sana mtungi umejaa wazee. Kisha uje."

Nilikwenda, nikarudi, nikakaa kwenye kile kiti kimoja na kalenda ya mwaka uliopita. Sitaeleza zaidi. Baadaye akaliweka kopo kwenye kabati la joto akasubiri, maana kitu kile kwanza ni kizito kama uji wa muhogo, lazima kiyeyuke chenyewe ndipo kisomeke. Nikataka kuondoka. Akasema nikae, ni jirani, kuna chai. Nikakaa, nikamweleza habari ya shangazi na yule binti.

Ndipo nikamwona akihesabu kwa karibu. Alichukua tone akalisambaza kwenye kioo chenye miraba midogomidogo, akahesabu. Akachukua tone jingine la kopo lile lile, akahesabu upya kama hajawahi kuliona. Akaandika namba mbili kando kwa kando, akazitazama, akazikata zote. Akatikisa kopo taratibu, akaanza mwanzo.

"Mbona umefuta?"

"Zimepishana sana. Zikipishana sana maana yake nimekosea mimi, au sikuchanganya vizuri."

"Mie pia huhesabu kila kitu mara mbili," nikasema, nikitaka kuonekana mtu wa kazi. "Zikipishana nachukua ile kubwa."

"Ndiyo maana wewe unauza marumaru."

Safari hii zilikubaliana. Akaniandikia. Nikaiangalia ile namba, nikauangalia mstari wa mpaka ulioandikwa pembeni yake, nikaona mimi niko chini kidogo. Kidogo sana. Kidogo kile ambacho dukani kwangu mteja akipungukiwa namwambia chukua tu, jirani.

"Mama," nikasema, "hapa huwezi kunisogeza?"

"Nikusogeze wapi?"

"Juu ya mstari. Hata unene wa ukucha. Ukuta wetu ni mmoja."

Hakukasirika. Akaondoa jicho kwenye hadubini, akanitazama.

"Nikikusogeza hapa kwenye karatasi, kule nyumbani Somoe atakuwa amesogea kwenda wapi?"

Nimepatana na Wachina, na Wahindi, na mafundi wa Mbagala. Hakuna aliyewahi kunifungia bei namna ile.

*

Kulikuwa na neno moja ambalo hakuliruhusu litamkwe pale ndani: chini ya kiwango. Ni neno la kawaida, kila mtu analo. Hata karatasi za kazi zake zilikuwa na viwango, na yeye alivifuata kwa ukali, joto kiasi hiki, muda kiasi hiki, hesabu namna hii. Lakini mwanaume akisema, "Kwa hiyo mama mimi niko chini ya kiwango?" alimkatiza. Aseme chini ya mstari.

Mimi nilielewa haraka kuliko wengine, kwa sababu ya biashara. Kwetu neno hilo lina nyundo. Marumaru ikiambiwa iko chini ya kiwango hairudi dukani. Inapakiwa, inapelekwa, inavunjwavunjwa mbele ya kamera, na mwenye mali anasimama pembeni mikono nyuma.

"Ndiyo hivyo," akasema nilipomwambia. "Bidhaa inateketezwa. Wewe nitakuteketeza?"

"Sasa mstari una tofauti gani?"

Akanieleza, akimimina chai, na hili ndilo jambo ambalo nimelibeba kuliko yote. Alisema wakubwa wa mambo hayo walikusanya wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Akina baba, si wagonjwa. Wakapimwa wote, wakapangwa foleni kwa wingi wa mbegu, mwenye chache kabisa mbele, mwenye nyingi kabisa nyuma. Katika kila mia wakahesabu watano wa mwanzo, na hapo walipoishia watano wakachora mstari.

"Kwa hiyo walio chini ya mstari..." nikasema.

"Watano hao?"

"Eeh."

"Ni akina baba, wote watano. Ndio walioleta mimba kama wenzao." Akapuliza chai. "Watu wanausoma mstari kama ukuta. Ni kamba tu, imelazwa chini. Ukiwa upande huu safari ni ngumu zaidi, sikudanganyi. Ukiwa upande ule nako hujaahidiwa kitu. Nimewaona wa juu kabisa wakizeeka wawili nyumbani."

"Na hao waliopangwa foleni walikuwa watu wa wapi?"

Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Swali zuri. Wa kwetu hawakuwa wengi. Huwa najiuliza mstari ungekaa wapi kama wangepita Tegeta. Pengine pale pale. Pengine hapana. Ndiyo maana nauheshimu na siuabudu."

Kisha akaniita nitazame. Niliona kwanza kope zangu mwenyewe, halafu ukungu, halafu ukungu ukaanza kutembea. Kulikuwa na mwanga mweupe usio na jua, na ndani yake vitu vidogo vyenye mikia vikipita bila sauti, vingine vimenyooka kana kwamba vina miadi, vingine vikizunguka pale pale, vingine vimelala. Nilitegemea kusikia kitu, sijui kwa nini. Ule ukimya ulinishangaza. Ilikuwa kama kutazama barabara ya Bagamoyo kutoka juu sana, taa zote zinakwenda, na hakuna honi.

"Wanaozunguka wana nini?"

"Sijui. Nawaandika tu kwamba hawaendi mbele."

"Na hawa waliolala wamekufa?"

"Wengine. Wengine wamepumzika. Nina dawa ya rangi ya kuwatofautisha, nitaiweka sasa hivi. Usiwazike mapema."

Nilitazama mpaka akanigusa bega. Mchana ule nililala juu ya maboksi dukani, nikaota foleni ya wanaume kuanzia Mwenge mpaka Bunju, kimya, kila mmoja ameshika kopo kwapani, na kule mbele kabisa watano wamebeba watoto mabegani, na watoto hao ndio pekee waliokuwa wakipiga kelele.

*

Hakukubali kipimo kimoja. Alisema mwili unapika mbegu kwa zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo homa niliyoipata mwezi uliopita nitaisoma leo, na nitakalofanya leo nitalisoma baadaye. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nikamwambia shangazi anakuja kabla ya hapo. Akasema shangazi hapikwi na mwili, hahitaji miezi mitatu, mwambie ukweli ulio nao.

Shangazi akafika. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akala kisamvu cha Somoe mpaka mwisho bila kusema kizuri wala kibaya. Kisha akaanza, "Sasa yule binti..."

"Shangazi," nikasema, "mimi niko chini ya mstari."

"Mstari gani?"

Nikamweleza. Sina uhakika nilieleza vizuri, lakini nilieleza yote, foleni, wale watano, kamba iliyolazwa chini. Somoe alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimebeba majibu ya Mama wa Maabara mfukoni siku nne nikitafuta maneno, na maneno yakaja mbele ya shangazi badala ya mbele yake.

Shangazi akafikiri. "Kwa hiyo kwenye foleni hiyo wewe ni wa ngapi?"

"Karibu na mwanzo."

"Chini ya hao watano?"

"Katikati yao."

"Na hao watano wana watoto?"

"Wote."

"Na mkeo?"

"Somoe naye atapimwa. Tutakwenda wawili. Lakini huyo binti ukimleta, utamleta kwa mtu yule yule."

Shangazi akamgeukia Somoe, akamtazama kwa muda mrefu, mwanamke kwa mwanamke. Sikuzuia wala sikusaidia. Nilihisi kama niko kwenye mnada wa kitu changu mwenyewe.

"Nimekulea mie," akaniambia hatimaye. "Kama una kasoro, imepita mikononi mwangu."

"Siyo kasoro, shangazi."

"Nimesikia. Ni kamba." Akasukuma sahani. "Somoe mwanangu, kisamvu kimebaki?"

Asubuhi yake akataka aonyeshwe huyo mama wa kamba. Nikampeleka. Wakafunga mlango. Nikaweka sikio ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu nipange duka lile, ukuta haukutoa kitu. Kumbe alijua kunong'ona siku zote. Shangazi alipotoka alisema tu, "Yule hapataniki," akaomba nimkatie tiketi ya basi la Masasi. Habari ya binti haikutajwa tena.

Kipimo cha pili kilikuwa juu ya mstari kwa idadi, unene wa ukucha hivi, na chini kwa kwenda mbele. Nikataka nishangilie nusu. Mama wa Maabara akasema si shangwe wala msiba, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari, jina langu na la Somoe kwenye mstari mmoja. Tukaenda. Tukaenda tena. Mambo ya hospitali ni marefu na yanafanana.

*

Kisha Mama wa Maabara akahama. Maabara ilichukuliwa na vijana wenye kompyuta, na chumba cha nyuma kikawekewa televisheni. Mwaka uliofuata Somoe akashika mimba. Tuliificha kama watu wanavyoficha, hata shangazi hatukumwambia. Mwezi wa tano ikatoka. Tukaificha na hiyo. Majirani wachache waliojua walisema Mungu yupo, nyie bado vijana, atakuja mwingine. Mie niliitikia kila mmoja. Somoe hakumwitikia yeyote. Nguo alizikunja ovyo sasa, akazirundika kabatini pamoja na zangu, na mie nikachukulia kwamba amepona, maana hakuwa anaondoka.

Mwaka jana Mama wa Maabara akaingia dukani. Alikuwa mwembamba zaidi, na viatu vya raba. Amejenga, akasema, nyumba ndogo huko mbele ya Bunju, anataka marumaru za sebule. Akanisalimia yeye kwanza.

"Umenisalimia, mama!"

"Nimestaafu. Sasa nina ruhusa."

Tukapatana. Nilisema bei, akanyamaza. Nikasema nyingine, akanyamaza. Nikajikuta nimefika bei ambayo hata mtengenezaji asingeniuzia. Akafungua boksi, akashika marumaru moja akaitazama kwenye mwanga, akasema haina neno. Nikamuuliza habari za maabara za siku hizi. Akasema mashine inahesabu yenyewe, haraka kweli, tatizo ni pale isipokuwa na msimamizi.

"Inahesabu na vumbi. Kuna baba mmoja ameondoka pale anatamba mtaa mzima kwa wingi wa vumbi."

Tulicheka mpaka Somoe, ambaye siku hizi hunisaidia dukani, akatoka nyuma kutazama kuna nini. Alipomwona akarudi, akaja na maji kwenye bilauri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za siku?"

"Nzuri."

Mama akapokea bilauri kwa mikono miwili, hakunywa. Akanyamaza, na huu haukuwa ukimya wa nyanya. Nilitaka kuingilia, niseme lolote kuhusu gundi ya marumaru.

"Tulipata," Somoe akasema. "Mwezi wa tano ikatoka."

Nikasubiri yale maneno, Mungu yupo, atakuja mwingine. Niliyasubiri kama mtu anayejua mahali ngumi itakapotua. Mama wa Maabara hakuyasema. Hakuuliza vipimo, hakuuliza hospitali gani, hakunitazama mimi.

"Ulimpa jina?"

Somoe alitazama sakafu, mahali ninapopanga sampuli za rangi.

"Zuwena," akasema. "Alikuwa wa kike. Niliwauliza wauguzi."

Mie sikuwa najua. Sikujua alikuwa wa kike, wala sikujua kuna jina. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja muda wote huo, na jina limelala katikati yetu, limefunikwa shuka, na mie nimejipanga ukutani nikidhani nampa Somoe nafasi.

"Jina zuri," Mama akasema. Ndipo akanywa maji, yote, bila haraka, akarudisha bilauri.

Vijana walikuwa wamemaliza kupakia maboksi kwenye guta, ile pikipiki ya mizigo. Akakataa bajaji, akasema atakaa mbele na dereva, mzigo wake ausindikize mwenyewe. Nikamsaidia kupanda. Injini ikawaka, moshi ukajaa mlangoni, na yeye akageuka, akaita kwa ile sauti yake ya tofali moja, mtaa mzima usikie.

"Mama Zuwena! Asante kwa maji!"

"Abee!" Somoe akaitika, kabla mimi sijajua ni nani aliyeitwa.